Ngazi Tisa

Kanisa letu la Mishomoroni lina ngazi tisa.
Nazijua. Nilizimwaga mwenyewe mwaka ule wa mvua nyingi,
na mchungaji akisimama nyuma yangu:
"Juu kidogo, fundi,
nyumba ya Bwana isilingane na maduka."

Nikapandisha.

Mbeyu Charo hushona kanzu za kwaya.
Thelathini na sita, kola nyeupe, mshono usiopinda.
Kanzu hupanda Jumamosi, zimekunjwa ndani ya gunia safi.
Mshonaji hupanda Jumapili, akibebwa.

Tulikuwa wanne: mimi, Righa, Ouko wa bandarini,
na Dzombo mwenye mgongo mbovu asiotaka kuukiri.
Tuliinua kiti, magurudumu na mtu,
moja, mbili, haya,
na kina mama wakitupisha: Mungu awabariki, vijana.
Nina miaka hamsini na mbili.
Niliipenda ile "vijana". Niliipenda mno.

Mikono yake sikuiona.
Miaka minne sikuiona:
mmoja umeng'ang'ania kiti,
mwingine umebana leso magotini
isipande mbele ya watu wa Mungu.

Jumapili ya mavuno akasema, leo hapana.
Ouko akacheka, akainama ashike gurudumu.
Akafunga breki.
"Hata kontena huandikwa linakokwenda.
Mimi mnanibeba mkizungumza mpira."

Ndani ikasomwa habari ya yule aliyepooza,
rafiki zake wanne, paa likatobolewa,
kitanda kikateremshwa katikati ya watu.
Spika ilimfikishia Mbeyu pale chini, kando ya muuza machungwa.
Mchungaji akaisifu imani ya wale wanne.
Nilijua ninasifiwa mimi,
na shingo ikakataa kunyooka.

Baada ya ibada nikashuka.
"Umelisikia neno?"
"Nimelisikia. Hakuna aliyeuliza paa lilikuwa la nani,
wala kama mwenyewe alililia mabati.
Halafu fundi, soma mpaka mwisho.
Yule mtu alitoka kwa miguu yake, kitanda kwapani.
Mwisho wa habari, mbebaji ni yeye."

Kamati ikakaa. Ajenda: vigae vya madhabahuni,
feni sita, kinanda.
Mzee wa hazina akavua miwani: "Lakini ni mtu mmoja tu."
Sikumjibu, mimi ni wa mwiko, si wa maneno.
Ila nilimkumbuka mchungaji mwingine
aliyewaacha tisini na tisa nyikani.
Yule naye hesabu zilimpiga chenga.

Athumani wa duka la saruji alikuwa ametoka kuswali isha.
Akafungua daftari. "Deni niandike la nani?"
"Andika la ngazi."
Akaandika. Hakuuliza tena.

Kila inchi ya kupanda hudai inchi kumi na mbili za kwenda.
Ngazi tisa zikadai futi hamsini na nne,
zikapinda mara mbili, zikapita mbele ya ofisi,
zikala maegesho ya gari la mchungaji.
Tulimwaga usiku, kipande kwa kipande, wiki tatu.
Dzombo mgongo ulimgomea, akashika tochi.
Mlinzi alituona, akageuza kiti chake kikatazama barabara.
Na asubuhi moja gari lilikuwa ng'ambo, chini ya nguzo ya stima.
Mchungaji hakusema kitu.
Mpaka leo hajasema.

Mbeyu alipanda peke yake.
Kwenye pindo la kwanza akasimama, anahema,
mikono yetu minane ikanyooka mbele.
Akaitazama.
Tukairudisha mifukoni.

Nyuma yake walifuata wale kina mama wa "vijana",
magoti yao yalikuwa yakilia miaka yote na sisi tuna nyimbo tu;
akafuata mzee mwenye mkongojo, na binti aliyebeba mapacha.
Mtu mmoja tu.
Nilihesabu kumi na saba.

Pindo la pili nilikosea. Lina kibonde, maji yanatuama.
Mbeyu ameniambia, bila kunipaka sukari.
Jumamosi narudi na mwiko.